Maumivu sugu: vidonge, mazoezi, mofini au bangi? Ulinganisho kwa wagonjwa wa Moshi na Arusha

Maumivu yakipita miezi 3 bila kuondoka, madaktari huyaita maumivu sugu. Orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022 imeyapa nafasi yake yenyewe, maana kidonda kinaweza kuwa kimepona, eksirei haioneshi jambo jipya, na mtu bado halali usiku.

Mgonjwa wa namna hii hakosi washauri. Duka la dawa la karibu na stendi linampa diklofenaki. Shemeji anamwelekeza kwa mzee anayechua. Kijana wa jirani anamwambia kuna kitu kutoka Arumeru kinachomaliza maumivu yote, na mgeni aliyekuja kupanda mlima anaongeza kwamba kwao kinauzwa dukani mchana kweupe. Mabishano haya nimeyasikia sana kwenye mabenchi ya kliniki hapa Moshi, nikimsindikiza mama yangu aliyebaki na maumivu baada ya mkanda wa jeshi. Nimeona wengi wakiruka kutoka diklofenaki moja kwa moja hadi bangi, bila kupita kwenye njia mbili zilizo katikati, yaani dawa za mishipa ya fahamu na mazoezi tiba. Linaniuma, kwa sababu mara nyingi nafuu ilikuwa hapo hapo waliporuka.

Maswali ya kuanza nayo

Kila njia hapa chini nimeipima kwa maswali manne: inasaidia maumivu gani, inadhuru wapi, sheria na upatikanaji vikoje, na inamfaa nani.

Swali la kwanza ndilo kubwa. Maumivu ya viungo na misuli, kama goti lililosagika au mgongo wa mbeba mizigo, huongezeka ukitembea, ukiinama au ukiinua kitu. Maumivu ya mishipa ya fahamu yana tabia nyingine: yanawaka, yanachoma kama sindano, yanapiga shoti, mara nyingi yakiambatana na ganzi. Haya ndiyo ya kisukari cha muda mrefu, ya mkanda wa jeshi, ya diski inayobana mshipa, na ya mguu uliokwisha kukatwa lakini bado unauma. Maumivu ya saratani huchanganya yote mawili. Wapo pia ambao mwili mzima unauma, usingizi ni mbovu, na kila kipimo kinarudi safi. Hao wasidharauliwe, maumivu yao ni ya kweli.

Weka pia lengo kabla hujaanza. Kutafuta sifuri huwavunja watu moyo bure. Yape maumivu alama kati ya 0 na 10, kisha chagua kazi moja unayotaka kuirudia: kulala saa 6 mfululizo, kufika sokoni Mbuyuni kwa miguu, kusimama jikoni hadi chakula kiive. Tiba iliyokushusha kutoka 8 hadi 5 na kukurudisha jikoni imefanya kazi.

Kuna dalili zisizosubiri ulinganisho wowote: miguu kupoteza nguvu ghafla, kushindwa kuzuia mkojo au choo, ganzi sehemu za siri, homa, kukonda bila sababu, au maumivu mapya kwa mtu aliyewahi kuugua saratani. Hizo ni za kwenda hospitali leo.

Vidonge vya duka la dawa

Parasetamoli ni salama kwa wengi, lakini kwa mgongo au magoti ya miaka nguvu yake ni ndogo. Mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Mwembamba sana, mzee, mwenye ini bovu au mnywaji wa mbege na konyagi ajadili kiwango cha chini zaidi na daktari.

Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao zinasaidia kweli kwenye viungo vilivyovimba na mgongo, ila kwa maumivu yanayowaka ya mishipa ya fahamu hazifui dafu. Ubaya wake uko tumboni, kwenye figo na kwenye presha. Wengi huamini kwamba sindano ya diklofenaki haidhuru tumbo kwa kuwa haipiti mdomoni. Si kweli, kwani dawa hufika tumboni kwa njia ya damu. Mwenye presha anayetumia vidonge vya kushusha maji mwilini, au mwenye kisukari ambaye figo zimeanza kuchoka, asizimeze kila siku bila daktari kujua.

Zinapatikana kila mahali kwa bei nafuu, na hilo ndilo linalofanya zitumike miaka wakati zilitakiwa wiki. Zinamfaa mtu ambaye maumivu yanapanda na kushuka, azitumie siku chache yanapopanda. Kwa goti, jeli ya diklofenaki ya kupaka ni chaguo zuri ambalo wengi hawalifikirii, maana dawa kidogo sana huingia kwenye damu.

Dawa za mishipa ya fahamu

Mama alipougua mkanda wa jeshi, malengelenge yalikauka, lakini ngozi ya ubavuni ilikataa hata kuguswa na nguo. Alikuwa anashika upindo wa blauzi kwa vidole viwili ili usimguse, akitembea hivyo nyumba nzima. Alimeza diklofenaki hadi tumbo likaanza kumsumbua, ubavu haukusikia. Aliyembadilishia dawa alimwandikia amitriptilini, kiwango kidogo, usiku. Jirani aliyesoma karatasi ya ndani ya boksi akamwambia hiyo ni dawa ya wagonjwa wa akili, na mama akaiweka kabatini. Ilibidi arudi kliniki aelezwe kwamba ni dawa ya zamani ya sonona ambayo kwa kiwango kidogo hutuliza mishipa ya fahamu. Kisha akaanza.

Kundi hili lina amitriptilini, gabapentini, pregabalini na duloksetini, na karbamazepini kwa yale maumivu ya kuchoma usoni. Linasaidia maumivu ya mishipa ya fahamu, tena si kwa kila mtu. Tafiti zilizounganishwa kuhusu amitriptilini na dawa za ukoo wake zinaonesha kwamba kati ya watu 4 hivi wanaozitumia, mmoja hupata nafuu kubwa ambayo asingeipata kwa kidonge kisicho na dawa. Kwa gabapentini na pregabalini ni mmoja kati ya 6 hadi 8. Ukiambiwa namba hizo mapema hutakata tamaa dawa ya kwanza ikishindwa, utajua kuna ya pili ya kujaribu.

Madhara ni usingizi, kizunguzungu, na kwa amitriptilini mdomo kukauka na choo kigumu. Mzee mwenye tezi dume anaweza kubanwa mkojo, na mwenye tatizo la mapigo ya moyo apimwe kwanza. Gabapentini na pregabalini hupunguzwa kiwango figo zikiwa dhaifu. Zote huchukua wiki kadhaa kuonesha kazi yake, na haziachwi ghafla. Zinatolewa kwa cheti cha daktari. Amitriptilini ni ya bei rahisi, pregabalini huuma mfukoni zaidi. Zinawafaa wenye miguu inayowaka, ganzi na shoti, hasa kama usingizi nao umepotea.

Mazoezi tiba

Wengi huiona hii kama njia ya kumwondoa mgonjwa pale daktari asipokuwa na la kumpa. Kwa mgongo, ukweli ni kinyume. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno. Mazoezi yaliyopangwa, elimu kwa mgonjwa na msaada wa kisaikolojia vilipendekezwa. Mikanda ya kubana kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine na dawa jamii ya afyuni (kama mofini na tramadoli) vilitajwa miongoni mwa vitu visivyopaswa kutolewa kama kawaida. Ile mikanda inayouzwa barabarani kwa madai kwamba inatibu mgongo, hapo ndipo ilipo.

Moshi ina bahati katika hili. KCMC si hospitali ya rufaa tu, wataalamu wa fiziotherapia wa nchi hii wamekuwa wakifundishwa pale, na TATCOT, chuo cha watengenezaji wa viungo bandia, kipo hapo hapo.

Nilimwangalia mgumu mmoja wa Marangu, yaani mpagazi wa mlimani, akifundishwa. Mzigo wa mgumu mlimani una kikomo cha kilo 20, sawa na ndoo ya maji ya lita 20, kwa hiyo mtaalamu alimletea ndoo yenyewe, maji yakiwa robo tu. Akamwambia asogee mpaka ndoo iwe kati ya miguu, akunje magoti, aibebe ikiwa karibu na tumbo, asimame, aishushe vilevile. Mara kumi, apumzike. Nyumbani aongeze jagi moja la maji kila baada ya siku chache, na mgongo ukiuma kidogo asiache, ukiuma hadi mguuni apunguze. Jamaa alitoka ametahayari kidogo kwa kupewa ndoo ya maji badala ya sindano. Lakini kazi yake ni kubeba, na hiyo ndiyo tiba pekee katika ulinganisho huu iliyomwandaa kubeba.

Madhara ni madogo: misuli kuuma wiki za mwanzo, na kukata tamaa. Gharama yake hasa ni nauli na muda. Anayetoka Rombo au Longido hawezi kuja mara tatu kwa wiki, na ni haki yake kuomba afundishwe seti ya kufanya nyumbani, aonekane mara moja kwa mwezi. Inawafaa karibu wote wenye mgongo, magoti, nyonga na mabega, pamoja na wale ambao mwili wote unauma, mradi waanze taratibu.

Tramadoli na mofini

Hapa watu hukosea pande zote mbili. Wagonjwa wa saratani huikataa mofini kwa kuamini ni dawa ya kumsindikiza mtu kufa, wakati wenye mgongo huitafuta tramadoli mitaani.

Kwa saratani, mofini ya maji ni tiba halali na nzuri. Ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kwa maelekezo ya daktari mgonjwa huinywa nyumbani kwa saa, akipewa pia dawa ya kulainisha choo, kwa sababu choo kigumu hakikwepeki. Tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa wa ugonjwa mzito, ina historia ndefu katika hospitali ya Selian huku Arusha, na KCMC ina kitengo cha saratani. Ndugu wasimnyime mgonjwa mofini kwa hofu ya uraibu huku analia usiku.

Kwa mgongo na magoti hadithi ni nyingine. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 uliwafuata wagonjwa 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au magoti kwa miezi 12. Waliopewa afyuni hawakufanya kazi zao vizuri kuliko waliopewa dawa za kawaida, na madhara yao yalikuwa mengi zaidi. Tramadoli inaweza kuleta degedege, inagongana na amitriptilini, na ikichanganywa na pombe au gabapentini inaweza kufifisha pumzi. Tramadoli na mofini ni dawa zinazodhibitiwa, kwa hiyo kuzinunua bila cheti ni hatari kwa mwili na ni kosa pia. Nje ya saratani zinamfaa mtu mwenye maumivu makali ya muda mfupi, kama baada ya upasuaji au kuvunjika.

Bangi

Nianze na ushahidi, maana pande zote hutaja nusu yake. Mwaka 2017 taasisi ya kitaifa ya sayansi na tiba ya Marekani ilisema kuna ushahidi wa kutosha kwamba bangi inapunguza maumivu sugu kwa watu wazima. Mwaka 2021 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilikataa kuiunga mkono kwa matumizi ya jumla, kikisema tafiti bora hazitoshi. Mwaka huo huo jopo lililochapisha kwenye jarida la madaktari wa Uingereza lilitoa pendekezo hafifu: mgonjwa ambaye tiba za kawaida hazikumtosha anaweza kujaribu bangi ya kitabibu isiyovutwa. Hesabu yao ilikuwa kwamba kati ya watu 100, takriban 10 zaidi hupata nafuu wanayoiona wenyewe kuliko wasiotumia. Nafuu ipo, tena ndogo.

Mambo mawili hupotea taarifa hizi zikifika mitaani kwetu. Tafiti nyingi zilikuwa za wiki chache, zikihusu zaidi maumivu ya mishipa ya fahamu, siyo miaka ya goti lililosagika. Pia dawa zilizopimwa ni za kupulizia mdomoni, vidonge au matone, kila moja ikijulikana ina miligramu ngapi za THC (kiini kinacholevya) na za CBD (kiini kisicholevya). Msokoto hauna kipimo. Wa leo unaweza kuwa mara kadhaa ya ule wa juzi, na hujui ulikaushwa wapi wala ulipuliziwa nini shambani.

Wagonjwa wanaovuta hawadanganyi wanaposema wanalala. Yule mgumu wa Marangu alisema jioni akivuta mgongo unakuwa mbali. Asubuhi unakuwa ulipokuwa, na mzigo unamsubiri. Akikosa siku mbili anakuwa na hasira na usingizi unagoma, na anadhani ni mgongo umezidi. Mara nyingi huko ni kuacha bangi kunakoongea, ndiyo sababu ni vigumu kwa mtumiaji mwenyewe kupima kama inamsaidia.

Madhara yake: kizunguzungu, kusahau, mapigo ya moyo kwenda mbio (jambo zito kwa mwenye moyo mgonjwa), kikohozi sugu kwa anayevuta. Kwa vijana, na kwa familia yenye historia ya ugonjwa wa akili, huongeza hatari ya kuchanganyikiwa. Mjamzito asiitumie, inahusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba mtumiaji mmoja kati ya 10 hivi hupata uraibu, na kwa walioanza wakiwa wadogo ni zaidi. Dereva wa bodaboda anayevuta ili avumilie mgongo anahatarisha na abiria.

Wapo wanaoloweka majani kwenye spiriti na kupaka magotini, hasa kina mama ambao hawawezi kuvuta. Kule kuchua na ule ubaridi wa spiriti hutuliza kwa muda. Ushahidi kwamba bangi yenyewe inafika ndani ya kiungo kwa njia hiyo ni haba.

Sheria iko wazi. Chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, kulima, kumiliki, kuuza na kutumia bangi ni makosa, na maumivu hayakufanyi usamehewe. Mwaka 2023 mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya iliteketeza mashamba ya bangi huko Kisimiri Juu, Arumeru. Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya kitabibu 2017, na Canada ina utaratibu wa wagonjwa tangu 2001, lakini kibali cha huko hakigeuki kuwa kibali cha hapa. Mgonjwa akikamatwa, familia hutumia kwenye kesi fedha ambazo zingelipa miezi mingi ya dawa.

Inamfaa nani basi? Katika nchi zenye utaratibu wa kisheria, ni mtu mzima mwenye maumivu ya mishipa ya fahamu au ya saratani aliyekwisha kujaribu tiba nyingine, asiye na ugonjwa wa akili wala wa moyo, akifuatiliwa na daktari. Moshi na Arusha mtu wa sifa hizo hana mlango halali wa kuipata.

Ukiwa unatumia viwili kwa pamoja

Katika kliniki za maumivu za Marekani na Canada, wagonjwa wengi wanaotumia dawa za hospitali hutumia na bangi pia. Baadhi husema imewasaidia kupunguza afyuni, lakini tafiti hazijalithibitisha hilo vizuri. Hapa kwetu wanaofanya hivyo wanaficha, na kuficha ndiko kunakoleta madhara. Bangi juu ya amitriptilini, gabapentini, tramadoli au pombe huzidisha usingizi na kizunguzungu, na daktari asiyejua ataongeza dozi. Kwa anayefanyiwa upasuaji ni muhimu zaidi. Mwaka 2023 chama cha Marekani cha madaktari wa ganzi na tiba ya maumivu kilielekeza kila mgonjwa aulizwe kuhusu bangi kabla ya dawa ya usingizi, kwa sababu inabadilisha kiasi kinachohitajika na namna moyo unavyopokea.

Siri ya mgonjwa ni sehemu ya maadili ya udaktari. Huhitaji maelezo marefu: "Shikamoo daktari, kuna jambo sijakwambia. Navuta bangi jioni kwa ajili ya maumivu, karibu kila siku, mara ya mwisho ilikuwa jana." Njia, wingi na mara ya mwisho: hayo matatu yanamtosha.

Kulingana na hali yako

Kama ni mzee mwenye magoti yaliyosagika na presha, anza na jeli ya kupaka na mazoezi ya kuimarisha mapaja, parasetamoli siku mbaya, na uzito ukipungua hata kidogo goti litaona. Diklofenaki ya kumeza iwe ya mwisho.

Mgumu, dereva wa bodaboda au mchuma kahawa mwenye mgongo aende fiziotherapia kabla hajanunua mkanda. Muda ukiwa hauruhusu, aombe mazoezi ya nyumbani na mpango wa kuongeza mzigo.

Miguu inayowaka kwa mwenye kisukari inataka sukari idhibitiwe na dawa ya mishipa ya fahamu ipewe muda wa kutosha kabla ya kuhukumiwa. Ikishindwa, uliza ya pili, usirudi kwenye diklofenaki.

Mgonjwa wa saratani anayelia usiku aulizie mofini na tiba shufaa wiki hii, wala si baada ya "kuvumilia kidogo". Kama ndugu wanapinga, waje naye kliniki wasikie wenyewe.

Unayerudi nyumbani kutoka nchi ambako unatumia bangi kwa cheti, panga na daktari wako wa huko dawa mbadala wiki kadhaa kabla ya safari, na usiweke hata chupa ya matone kwenye begi.

Na wewe unayevuta sasa hivi kwa sababu hakuna kingine kilichokusaidia, andika umejaribu nini, kwa kiwango gani na kwa muda gani. Kama kwenye karatasi hiyo hakuna dawa ya mishipa ya fahamu wala mazoezi yaliyofanywa miezi miwili mfululizo, hujamaliza njia zako. Chukua karatasi hiyo uende nayo kliniki ya mifupa, ya sukari au ya saratani, kulingana na ugonjwa wako, na umweleze daktari kuhusu bangi kabla hajaandika dawa.